TSH iko juu, FT4 nayo iko juu, sasa nipunguze dawa au niongeze?

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie maana nimekaa na hii karatasi siku ya tatu leo naiangalia tu. Nina miaka 38, mama wa watoto wawili. Mwaka jana niligundulika tezi yangu ya shingo haitengenezi homoni ya kutosha, yani nilikuwa nachoka mpaka nikikaa kwenye kiti kunyanyuka naona kazi, baridi naisikia mimi peke yangu nyumba nzima, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana. Daktari akapima, TSH ikaja 48 na FT4 ikaja 6, akanianzishia levothairoksini mikrogramu 100 nimeze kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu nikapimwa tena, TSH 2.1 na FT4 16, daktari akafurahi akasema hapohapo, endelea hivyohivyo, na kweli nilikuwa nimerudi kuwa mtu.

Sasa wiki hii nimepata karatasi ya tatu. TSH 11.6 ina herufi H pembeni, FT4 21.4 nayo ina H pembeni. Wameandika kawaida TSH ni 0.4 mpaka 4.0 na FT4 ni 9 mpaka 19. Shangazi mimi niliambiwa hivi vitu viwili ni kama mizani, huku kukipanda kule kunashuka, mbona vyote viko juu? Mume wangu anasema FT4 imezidi kwahiyo nipunguze dawa. Dada yangu nae anameza hizihizi, yeye anasema TSH ikiwa juu ni dawa ndogo, niongeze nifike 150 kama yeye. Nikaingia mtandaoni nikasoma ati vikiwa juu vyote viwili ni uvimbe kichwani, tangu nisome hilo usingizi sipati. Daktari nitamuona baada ya wiki mbili.

Kuna kitu kingine naona aibu kukisema ila wewe hunijui. Tangu nijisikie vizuri nilidhani nimepona, nikawa nameza kwa kurukaruka. Mama akalazwa, nikawa nalala huko namuuguza na pakiti naiacha nyumbani, siku nyingine nakumbuka mchana nimeshakula nasema basi kesho. Kama miezi miwili imeenda hivyo. Na hizo siku nilizokuwa nameza nilikuwa nameza pamoja na vidonge vya kuongeza damu maana ni rahisi kukumbuka vyote kwa mpigo, ila hivyo vya damu viliisha. Tarehe ya kipimo ilipokaribia nikaogopa kugombezwa, nikaanza kumeza mbili mbili kufidia, siku sita mfululizo, hata asubuhi ya kipimo nilimeza saa moja na damu wakachukua saa nne. Je hiyo inaweza kuharibu majibu? Na vidonge vya damu nimeshanunua vingine, pamoja na vya kukuza nywele vya bayotini, nianze?

Mwenye Karatasi Tatu

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza pole kwa kumuuguza mama, na usione aibu kabisa, hicho kipande ulichokiandika mwisho kwa kujificha ndicho kimenifanya niielewe karatasi yako. Ungenitumia namba tupu ningebaki nakuna kichwa kama wewe.

Kabla hatujaenda mbali: usipunguze na usiongeze. Rudi kwenye kidonge kimoja cha 100 kwa siku kama ulivyoandikiwa, hizo mbili mbili acha leo. Na kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, au kifua kinabana, au pumzi inakata, usingoje hizo wiki mbili, nenda leo.

Sasa tukae na hizo namba. Watu wengi wanadhani TSH inatoka kwenye tezi ya shingo, hapana, inatoka kwenye tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, inaitwa pituitari, na kazi yake ni kuidai tezi ya shingo itoe homoni. FT4 ndo homoni yenyewe ya tezi ya shingo, na kidonge chako cha levothairoksini ndo kinaileta. Homoni ikipungua kwenye damu, pituitari inadai kwa nguvu zaidi na TSH inapanda, homoni ikitosha inatulia. Na ni mdai mkali sana, FT4 ikishuka nusu tu TSH inaweza kupanda hata mara 100, ndo maana yako ilifika 48. Kwahiyo dada yako hajakosea kusema TSH juu ni dalili ya dawa kutotosha, na mumeo hajakosea kusema FT4 juu ni dawa nyingi kwenye damu. Wote wawili wamesoma sawa, ila kila mmoja amesoma namba moja akaiacha ya mwenzake, na wote wamesahau kitu kimoja ambacho hakijaandikwa kwenye ile karatasi, nacho ni muda.

Umewahi kumbeba mtoto aliyelia kwa muda mrefu? Umemnyanyua, umempa anachotaka, machozi yamekauka lakini kwikwi bado zinaendelea kifuani. TSH iko hivyo. FT4 inakwambia mtoto kabebwa sasa hivi, TSH inakwambia kalia muda mrefu kiasi gani kabla ya kubebwa. FT4 inapanda ndani ya siku chache ukianza kumeza, na saa chache baada ya kidonge inapanda zaidi, lakini TSH inachukua wiki sita hivi kutulia kwenye namba yake ya kweli. Levothairoksini yenyewe ni dawa ya kukaa, inachukua kama siku saba mpaka nusu yake iondoke mwilini, ndo maana ukikosa siku moja huanguki ila ukirukaruka miezi miwili akiba inaliwa taratibu bila wewe kujua.

Kwahiyo karatasi yako ya tatu isome hivi. TSH 11.6 ni miezi miwili ya kuuguza, pakiti iko nyumbani wewe uko hospitali. FT4 21.4 ni zile siku sita za mbili mbili. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na wala hakuna mashine iliyokosea.

Na ile asubuhi yenyewe nayo ina mchango wake. Mimi nimefanya kazi maabara miaka mingi, naijua ile chupa ndogo ya kifuniko cha njano, damu inaachwa igande kama nusu saa, inazungushwa kwa kasi mpaka yale maji ya rangi ya majani makavu yanakaa juu na damu nzito chini, na ni hayo maji ndo mashine inayasoma. Inasoma kilichomo saa ileile, haijui ulimeza saa ngapi na hakuna anayeiambia. FT4 inafika kileleni kati ya masaa mawili na masaa manne hivi baada ya kumeza kidonge, wewe ulimeza saa moja ukatolewa damu saa nne, yani masaa matatu, katikati kabisa ya kilele, na vidonge vyenyewe viwili. Ingekuwa ni kidonge kimoja tu cha kawaida bado ingeweza kupanda kidogo, lakini TSH haiguswi na kidonge cha asubuhi ileile. Siku nyingine toa damu kwanza alafu ndo umeze, kidonge kibebe kwenye mkoba.

Hiyo H pembeni isikutoe roho. Maana yake ni kwamba namba imetoka nje ya mipaka ambayo watu wengi wazima, kama 95 katika kila 100, wanakaa ndani yake. Haisemi ni kwanini, wala haisemi ni hatari kiasi gani, 19.1 ingepewa H na 60 ingepewa H ileile. Na mipaka yenyewe inatofautiana kati ya maabara na maabara kwasababu mashine ni tofauti, kuna wanaoandika FT4 kwa kizio kingine kabisa ambapo kawaida inaandikwa 0.8 mpaka 1.8, ukiziweka pembeni mwa zako unaweza kudhani umekufa. Kwahiyo ukiweza pima sehemu ileile kila mara.

Tuje kwenye uvimbe, maana ndo unakunyima usingizi. Ni kweli upo uvimbe wa pituitari unaotoa TSH yenyewe bila kusikiliza mtu, na ukiwepo TSH na FT4 zote zinakuwa juu, au TSH inakataa kushuka wakati FT4 iko juu. Ni ugonjwa wa nadra sana. Ila mwanangu chukua karatasi zako mbili za mwanzo uziweke mbele yako. Ya kwanza FT4 ilikuwa 6, chini, wakati TSH ni 48. Mwenye uvimbe wa namna hiyo angekuwa na FT4 ya juu tangu mwanzo kwasababu tezi ya shingo inasukumwa usiku na mchana, yako ilikuwa imeishiwa. Ya pili ulipomeza vizuri TSH ikashuka kutoka 48 mpaka 2.1 yenyewe kwa adabu, FT4 ikapanda mpaka 16. Pituitari yako inasikia. Kama utameza sawasawa wiki sita mpaka nane na bado vyote viwili viko juu hapo daktari atakuwa na sababu ya kuchimba, na hata hapo ataanza kwa kuangalia kama kuna kitu kwenye damu kinachoichanganya mashine. Leo hatujafika huko, lala.

Sasa dozi. Ukimsikiliza mumeo ukapunguza, FT4 itashuka kweli, alafu TSH itaendelea kupanda na utarudi kwenye kile kiti. Ukimsikiliza dada yako ukaenda 150 na safari hii ukameza kila siku kwa sababu umeogopa, baada ya miezi miwili unaweza kukuta TSH imezama chini ya 0.1, na hapo ndo mambo ya moyo kupiga bila mpangilio na mifupa kupungua nguvu yanapoanzia, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Dozi ya dada yako ni ya mwili wake. Mtu ambaye tezi haifanyi kazi kabisa anahitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, mwingine tezi inatoa kidogo kwahiyo anahitaji pungufu, mwingine alitolewa tezi kwa kansa na daktari anaiweka TSH yake chini kwa makusudi. Mizani ya dada yako haiwezi kukupimia wewe. Na 100 ilishakupa 2.1, mwili wako umeshajibu kwamba inatosha ikifika.

Ikifika, hilo neno ndo la msingi. Vile vidonge vya damu ulivyokuwa unameza kwa mpigo vina madini ya chuma, na chuma kinaing'ang'ania levothairoksini tumboni, vinashuka pamoja hadi chooni na damu haijapata kitu cha maana. Kwahiyo hata zile siku ulizomeza hukupata dozi nzima, na ulipoishiwa vya damu zile siku sita dawa ikaingia yote na mara mbili yake. Unaona namba zinavyojieleza? Kalisiamu inafanya vilevile, na dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye aluminiamu au magnesiamu. Zipe nafasi ya masaa manne. Wewe kidonge cha tezi kiwe asubuhi na maji matupu, tumbo halina kitu, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai au kahawa na kula, na hivyo vya damu vihamie usiku. Kama asubuhi zako ni vurugu kuna watu wanameza usiku wakati wa kulala, masaa matatu baada ya kula, inafanya kazi vizuri tu, basi hapo vya damu vihamie mchana. Ukiwa unatumia omeprazoli mwambie daktari maana tumbo likipungua asidi dawa hii hainyonywi vizuri.

Alafu hivyo vya damu, nani alikwambia una upungufu? Kama ulipimwa sawa. Kama ulijinunulia kwasababu ya uchovu, omba upimwe wingi wa damu na akiba ya chuma. Nimeona wengi TSH imeshatulia na bado wamechoka, wanapandishiwa dawa ya tezi bure wakati tatizo ni damu, au vitamini B12, au usingizi, na mtu anayelala kwenye kiti cha hospitali akimwangalia mama yake ana haki ya kuchoka.

Bayotini, usianze. Naongea kama mtu wa maabara hapa na naomba unisikilize. Mashine nyingi za kupima homoni zinatumia bayotini yenyewe kama gundi ndani ya kipimo, sasa damu yako ikijaa bayotini ya vidonge ile gundi inavurugika na namba zinageuka, TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na FT4 inasomeka juu. Karatasi inakuja inasema dawa imekuzidi, daktari anapunguza, kumbe mwili wako una njaa. Mtu mzima anatosheka na kama mikrogramu 30 kwa siku, vile vidonge vya nywele vingi vina 5,000 mpaka 10,000. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017, siyo maneno ya mtaani. Anayetumia aache angalau siku mbili kabla ya kipimo, na zaidi kama dozi ni kubwa, na aseme maabara. Wewe ukizianza sasa hivi karatasi ya nne hatutaielewa kabisa. Nywele zako zilianza kudondoka kwa sababu ya tezi na zinachelewa kurudi, TSH inaweza kutulia na nywele zikachukua miezi mingine kadhaa.

Ulisema ulidhani umepona. Naelewa, na ndo mtego wa dawa hii, inakufanya ujisikie huna ugonjwa. Mwaka 1891 daktari mmoja Uingereza, George Murray, alimchoma mwanamke wa miaka 46 dawa iliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo, alikuwa amevimba na akili imezama kwa ugonjwa huuhuu wa kwako. Yule mama aliishi miaka 28 mingine. Hakuponyeshwa na sindano ya kwanza, aliishi kwa sababu aliendelea kuipata miaka yote hiyo. Wewe una kidonge kidogo kisicho na ladha.

Kwa daktari sasa, na hapa ndo nakusihi kuliko kote. Mwambie. Usipomwambia ataona TSH 11.6 kwa mtu anayedai anameza kila siku, na atafanya kile ambacho daktari yeyote mwaminifu angefanya, ataongeza dawa au atakupeleka ukapigwe picha ya kichwa. Sema hivihivi: daktari, kwa miezi miwili nimekuwa nameza kwa kurukaruka na kuchanganya na vidonge vya chuma, siku sita za mwisho nilimeza mbili mbili, na asubuhi ya kipimo nilimeza masaa matatu kabla ya damu. Kama mdomo unakuwa mzito iandike kwenye karatasi umpe asome. Akikugombeza ni dakika mbili, yataisha, na wengi wala hawagombezi maana wanalisikia kila wiki.

Kipimo kinachofuata kiwe baada ya wiki sita mpaka nane za kumeza vizuri, TSH na FT4 vinatosha. T3, ile homoni nyingine ya tezi, haina msaada kwa anayemeza levothairoksini, na zile kingamwili za tezi, yani askari wa mwili wanaoishambulia tezi, kama ulishapimwa zikaonekana huna haja ya kuzirudia kila mara, hazibadilishi dozi. Ukipimwa mapema, tuseme hizo wiki mbili, unaweza kukuta TSH 7 ukalia tena, kumbe iko njiani inashuka. Muulize daktari kama mnaweza kusubiri.

Kumeza kila siku kuna njia rahisi, nunua kile kiboksi chenye vyumba saba vya siku za wiki, kijaze siku moja na kiweke penye mswaki, na vidonge vitatu vinne viwe kwenye mkoba unaokwenda nao kwa mama. Ukisahau asubuhi ukakumbuka baadae, meza tumbo likiwa tupu siku hiyohiyo. Kama siku imeshapita kesho endelea na kimoja, usirundike.

Na una miaka 38, kwahiyo niseme hata kama hukuuliza: ukichelewa kuona siku zako pima mimba mapema, na ikiwepo mpigie daktari siku hiyohiyo usingoje kliniki ya kwanza. Mahitaji ya dawa yanapanda tangu wiki za mwanzo na mtoto anategemea homoni yako kabla tezi yake haijaanza kazi. Wengi wanaambiwa waongeze vidonge viwili kwa wiki mara tu mimba inapoonekana, muulize wa kwako mapema afanyeje ili usije kubahatisha. Hapo lengo la TSH ni chini ya 2.5, siyo 4.

Leo usiku chukua kalamu, ile karatasi ya tatu iandike pembeni kwa mkono wako: mbili mbili siku sita, nimemeza saa moja, damu saa nne. Iweke pamoja na zile mbili, nenda nazo zote, na ya nne ikitoka niandikie namba zake pamoja na saa uliyotolewa damu.

Shangazi